KUMSIKILIZA MGENI KABLA YA KUMHUKUMU
Khutba ya Ijumaa, Nshambya, Bukoba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa wenyeji na wageni, aliyeikunjua ardhi na kuwatawanya waja wake juu yake. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, na tunamwomba msamaha. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa mji wake walimtoa, na watu wa mji mwingine wakampokea. Ziwafikie pia Aali zake na Masahaba wake, waliohama na waliowapokea waliohama.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninyi mlio mbele yetu hapa Nshambya na ninyi mnaotusikiliza majumbani, twakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Khutba yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulisikia juu ya mimbari, nalo ni habari ya mkimbizi na wakili. Wengi wamezoea kufikiri kuwa mahakama ina mambo yake na msikiti una mambo yake. Lakini sisi ni watu wa Kagera, na mkoa wetu umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Atokaye Bukoba asubuhi hufika Mutukula kabla ya adhuhuri. Vurugu zikitokea kwa jirani, wa kwanza kupigiwa hodi ni sisi. Basi haifai tukajua hukumu za udhu na za mirathi, tukawa hatujui la kufanya siku mgeni aliyekimbia anaposimama mlangoni, au anapochukuliwa na askari naye hana wa kumsemea.

Tuanze na kisa mnachokijua, ila huenda hamkukitazama kwa upande huu. Katika mwaka wa tano wa utume, yaani karibu na mwaka 615 wa Miladi, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Masahaba walioteswa Makka wavuke bahari kwenda Habasha, kwani huko palikuwa na mfalme asiyedhulumiwa mtu mbele yake. Walikwenda, wakapata amani. Makureshi hawakuwaacha. Walituma wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia, wakiwa na zawadi za ngozi nzuri. Angalieni ujanja wao, enyi ndugu. Hawakwenda kwanza kwa mfalme. Walizunguka kwa wakuu wa baraza lake mmoja mmoja, kila mmoja wakampa zawadi yake, wakawaomba jambo moja tu: mfalme akiwataka shauri, wamwambie awakabidhi watu hawa bila ya kusema nao. Makureshi walijua kuwa wakimbizi wale wakipata nafasi ya kusema, hoja yao itashinda.

Najashi alikasirika. Alikataa kuwatoa watu waliochagua kukaa katika ulinzi wake mpaka awaite na kuwauliza. Walipoitwa walishauriana watakalosema, wakaafikiana kusema kweli, liwe liwalo, wakamtanguliza Ja'far bin Abi Talib awe msemaji wao. Ja'far hakulia wala hakuomba huruma. Alieleza hali yao ya zamani, kisha wito wa Mtume, kisha mateso waliyoyapata, kisha sababu ya kuichagua nchi ile kuliko nyingine. Katika baadhi ya mapokezi aliomba pia wajumbe waulizwe: Je, sisi ni watumwa tuliowatoroka mabwana zetu? Je, tumemwaga damu ya mtu? Je, tumekula mali ya mtu? Majibu yakawa ni hapana. Siku ya pili wajumbe walirudi na mashitaka mengine, wakasikilizwa tena wao na wakimbizi pia. Mwisho mfalme akaamuru zawadi zirudishwe kwa wenyewe.

Nasi twasema kuwa hilo lilikuwa baraza la sheria, na Ja'far alikuwa wakili. Alizipanga habari za watu zaidi ya themanini waliokuwa wageni wa nchi, lugha na desturi, akazifikisha kwa mwenye kukata shauri kwa namna ambayo angeweza kuzielewa. Nabii Musa (A.S.) naye, alipotumwa kwa Firauni, aliomba apewe nduguye Harun, kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa mwepesi zaidi kuliko wake. Basi mkulima kutoka Ruyigi au Masisi, asiyejua Kiswahili cha ofisini, atawezaje kujitetea peke yake?

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameandika mlango mzima juu ya wakala, na wamekubali kuwa mtu anaweza kumweka mwingine amsemee katika khusuma, kwa malipo au bila malipo. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) hakupenda kuhudhuria mabishano mwenyewe. Alimweka nduguye Aqil kuwa wakili wake, na Aqil alipokuwa mzee akamweka Abdallah bin Ja'far. Huyo Abdallah ni mtoto wa yule yule Ja'far, naye alizaliwa huko huko Habasha, wazazi wake wakiwa wakimbizi.

Sasa tuingie katika nchi yetu. Sisi wenyewe tulikwisha kukimbia. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya Mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, maelfu ya watu wa huko waliacha nyumba na ng'ombe wakaja kusini. Wazee waliomo humu wanakumbuka waliolala barazani kwao. Halafu ukaja mwaka 1994. Kwa muda wa siku moja tu, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mwezi wa Desemba mwaka 1996 wakaambiwa wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi. Ndani ya kundi kama hilo walikuwamo wauaji, hilo halifichiki, na walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo watu wenye sababu zao binafsi za kuogopa kurudi. Kundi huamrishwa kwa siku moja. Kumpambanua mtu mmoja na mwingine huhitaji kumkalisha na kumsikiliza.

Mwaka 2013 ikaja amri ya kuondoka kwa waishio bila kibali, na baada yake ile Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu walitoka. Hatusemi kuwa Serikali haikuwa na sababu. Ujambazi wa barabarani ulikuwapo, na watu wa Ngara na Biharamulo walikuwa wamechoka nao. Kulinda mpaka ni haki ya mwenye mamlaka. Lakini miongoni mwa waliotoka walikuwamo waliokaa hapa makumi ya miaka, na waliozaliwa hapa, na mume akatengana na mke. Ndugu zetu, nchi hii haina asili ya ukatili kwa wageni. Mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walipewa uraia, na mwaka 2014 wakapewa Warundi zaidi ya 160,000 wa mkimbio wa mwaka 1972. Na Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa namna alivyowapokea wakimbizi. Tunapowaambia mumsikilize mgeni, twawarejesheni kwenye desturi yenu wenyewe.

Na katika mkoa huu sura na lugha si ushahidi. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Mnyambo wa Karagwe na Mnyankole ni watu wa kusikilizana pia. Akitazamwa mtu urefu wake na pua yake, akaambiwa wewe si wa hapa, atathibitisha kwa nini? Mtu mmoja alikamatwa katika mkoa wetu huu mwaka 2010 kwa madai kuwa ameingia na kukaa nchini kinyume cha sheria, naye akisema kuwa ni Mtanzania. Shauri lake lilizunguka mpaka likafika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ambayo tarehe 28 Novemba 2019 iliamua kuwa haki yake ya uraia na haki yake ya uhuru zilivunjwa. Mwaka mmoja na miezi minane nyuma yake, mwezi wa Machi mwaka 2018, Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua shauri la mtu mwingine wa nchi yetu aliyenyang'anywa pasi, akafukuzwa mpaka Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki katika ardhi isiyo ya huku wala ya kule, huko Sirari. Mahakama ilisema kuwa mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia na akawa na hati zake, basi anayemkana ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Kwa mwanafunzi wa fiqhi jambo hili si geni hata kidogo. Ushahidi ni juu ya mdai, na kilicho yakini hakiondoshwi na shaka.

Huenda mkatuuliza: Sheikh, wakili wenyewe yuko wapi, na anafanya nini hasa? Ofisi za mawakili zitazamwe katika miji midogo. Aghalabu ni chumba kimoja au viwili karibu na mahakama, meza, karani, na kabati la majalada. Watu hupita hapo wakifikiri ni mahali pa wenye mali kugombania viwanja. Kumbe kazi iokoayo mtu aghalabu si hotuba ndefu mbele ya jaji. Ni kuuliza kituoni kwa adabu mtu fulani ameshikwa tangu lini na kwa kosa gani, na kwa nini hajafikishwa mahakamani. Ni kuandika hati ya kiapo ya bibi kizee aliyemzalisha mama yake. Ni kujua kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka aombaye hifadhi ajitokeze katika muda usiozidi siku saba tangu kuingia, hata mbele ya mtendaji wa kijiji. Basi mtu akifichwa na jamaa zake miezi miwili kwa mapenzi, mapenzi hayo yanamponza. Enyi mnaopokea wageni, litieni hili moyoni. Mpe chakula usiku, na asubuhi mfuatane mpaka kwa mtendaji.

Haja hii imekuwa kubwa zaidi kuliko zamani. Palikuwa na wakati ambapo Mrundi aliyekimbia machafuko yaliyoanza Aprili 2015 alipokewa pamoja na kundi lake kwa kuwa ametoka kule. Mwezi wa Januari mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa, ikawa kila mmoja apimwe kwa habari zake mwenyewe. Na habari za mtu huharibika upesi zikipita katika kinywa kisichojua. Mtu ataulizwa: Baba yako yuko wapi? Atajibu: Ameuawa. Baadaye atasema kuwa baba yake yuko Kigoma. Karani ataandika kuwa huyu ni mwongo, amejipinga mwenyewe. Lakini katika Kirundi na Kinyarwanda ndugu wa baba huitwa kwa neno la baba, kama sisi tunavyosema baba mdogo na baba mkubwa, kisha kwa haraka tukasema baba tu. Au ataulizwa tarehe, naye hajui tarehe, anajua kuwa ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Msaidizi mwenye subira atamwuliza mara ya pili na ya tatu, aandike baba ni yupi, na maharage huvunwa mwezi gani katika nchi ile.

Hapa twasema na wanafunzi. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit, naye ni kijana bado, ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zinazoandikwa na kusomwa kwa niaba yake ziwe katika mikono ya kuaminika. Kati yenu wamo wajuao Kirundi kwa bibi zao na Kifaransa kwa shule. Ukalimani wa kweli, usiozidisha wala kupunguza, ni amana kubwa. Nendeni mkajitolee kwa wanaohusika. Nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria waliofunzwa na kusajiliwa, ambao huwahudumia wasio na uwezo bila malipo. Jihadharini tu na vishoka, wale wasio mawakili wanaozunguka nje ya ofisi na mahakama, wakimwahidi mgeni kibali kwa fedha. Mtu huuza blanketi lake la mwisho, akapewa karatasi yenye mhuri wa uwongo, na karatasi hiyo ndiyo inayomtia gerezani.

Wakili naye ana mpaka. Mnajua sababu ya kushuka aya za Suratun-Nisaa kuanzia ya mia na tano. Mtu wa Banu Ubayriq aliiba deraya, ikatupwa lawama juu ya Myahudi, na jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume kumtetea mtu wao kwa kuwa ni mwenzao. Wahyi ukashuka kumsafisha Myahudi na kukataza kuwasimamia wahaini. Basi ni haramu kumtungia mgeni kisa, hata kwa kumwonea huruma. Asiyekimbia vita asifundishwe kulia vita. Aliyekuja kutafuta kazi aambiwe ukweli wa sheria ya vibali vya kazi, na kama hana njia aambiwe hivyo. Tena, uwongo wa mmoja huwafungia mlango kumi wasemao kweli.

Na kwa kuwa tumelitaja neno haramu: watu siku hizi wanasema “mhamiaji haramu”. Neno hilo limetoka katika dini yetu, na lina kanuni zake. Haramu ni sifa ya kitendo. Pombe ni haramu kunywewa, riba ni haramu kuliwa. Mwanadamu, ambaye Mola wake amemkirimu, haitwi haramu. Semeni mtu asiye na kibali, na maana itafahamika.

Limebaki jambo ambalo latuuma zaidi, nalo si la mahakamani, ni la vibanjani mwetu. Mwenye shamba anamchukua kijana aliyevuka mpaka, anamlimisha migomba na kuvuna kahawa tangu masika mpaka kiangazi, kwa ahadi. Siku ya malipo inapokaribia, anakwenda kwa siri kumtaja kuwa hana kibali. Kijana anachukuliwa, na ujira unabaki mfukoni kwa mwenye shamba. Afanyaye hivyo asidhani kuwa ameitumikia Serikali. Kama kukaa kwa kijana yule kulikuwa kosa, yeye aliyemficha na kumtumikisha amelishiriki. Tena Mtume (S.A.W.) ametupasha kuwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Huko hakuna atakayemwuliza kijana yule kibali. Mwenye deni la namna hii alitoe leo. Kama kijana amekwisha kuondoka na hajulikani alipo, amtafute kwa jamaa zake na wenziwe, na asipompata aje tumwelekeze.

Ama kuhusu fedha, tumeulizwa kama zaka inafaa kulipia mambo haya. Mkimbizi Mwislamu aliyekatikiwa na mali yake njiani anaingia katika fungu la ibnus-sabili, nasi twaona anaweza kupewa. Ila apewe mwenyewe mkononi, iwe milki yake, kisha yeye amlipe wakili au nauli ya kwenda alikoitwa. Asiye Mwislamu hapewi zaka katika madhehebu yetu, bali anapewa sadaka, na sadaka hiyo ina thawabu yake kamili. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tawba, aya ya sita, amemwamrisha Mtume wake kuwa hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikilizishwe, kisha afikishwe mahali pake pa salama. Mawakili nao tusiwabebeshe kila kitu. Wana kodi ya chumba na mshahara wa karani. Akijitolea kazi yake, wenye uwezo watoe nauli ya mashahidi, gharama ya nakala, na chakula cha aliye mahabusu.

Na kila nyumba itazame karatasi zake yenyewe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya taifa, hati za ndoa tunazowaandikieni hapa msikitini: visikae juu ya dari vikaliwa na mchwa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba za mji huu, lilifukia na masanduku ya watu pia. Mzee aliyezaliwa Tanganyika kabla ya uhuru, na mzazi wake mmoja akawa kazaliwa humu humu, alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961. Lakini mjukuu wake atalijuaje hilo kama mzee hakumwambia alizaliwa wapi na nani alishuhudia? Waketini na wazee baada ya Isha, muwaulize, muandike.

Ewe Mola wetu, wafungulie walioshikwa bila kosa, na uwatie subira waliotenganishwa na watoto wao. Watie nuru mahakimu, maafisa wa mipaka na mawakili wetu, waone haki kuwa ni haki. Wape amani majirani zetu wa Burundi, Kongo na kila nchi, wapate kurejea makwao kwa hiari yao. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote. Amin. Muadhini, qimu sala.